Ko Hin Ngam kabla ya umati: jinsi ya kufika na kutembelea ufukwe wa mawe meusi, Satun, Thailand

Kila msimu maswali ni yaleyale. Ko Hin Ngam iko wapi? Unaweza kulala huko? Kwa nini mmoja anarudi akisema hakukuta mtu, na mwingine anasema alikuta msururu wa watu waliovaa maboya ya rangi ya chungwa wakigombea kupiga picha? Wote wawili wanasema kweli. Mmoja alifika saa moja na nusu asubuhi, mwenzake akafika adhuhuri. Kisiwa ni kilekile.

Hin ni jiwe, ngam ni zuri, ko ni kisiwa. Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakina kijiji, duka wala hoteli. Kipo Bahari ya Andaman, kusini mwa kisiwa cha Adang, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Tarutao iliyoanzishwa mwaka 1974 katika mkoa wa Satun, karibu na mpaka wa Malaysia. Ufukwe wake hauna mchanga. Ni mawe matupu, laini, meusi na ya kijivu, mengi yakiwa na michirizi, mengine madogo kama kete ya bao na mengine makubwa kama ngumi. Watu hulala kisiwa jirani cha Lipe, na Hin Ngam huenda kwa mashua na kurudi siku hiyohiyo.

Angalia jina kabla ya kulipa chochote. Kuna hifadhi nyingine iitwayo Pa Hin Ngam, iliyo mkoa wa Chaiyaphum, bara kabisa, kaskazini mashariki mwa Thailand. Haina bahari. Ukitafuta "Hin Ngam" peke yake kwenye ramani unaweza kupelekwa huko. Vilevile, Lipe ina ufukwe uitwao Pattaya, ambao hauhusiani kabisa na jiji la Pattaya lililo karibu na Bangkok. Anayekata tiketi ya basi kwenda Pattaya akidhani anaelekea Lipe anakwenda upande mwingine wa nchi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti na viza ya Thailand kama nchi yako inahitaji.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha ya Thailand. Chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kuingia.
- Fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, inayotakiwa tangu 1 Mei 2025. Hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokudai hela siyo ya serikali.
- Fedha taslimu za baht. Mashine za kutolea pesa zipo Lipe, lakini kadi ya nje hukatwa baht 220 au zaidi kila unapotoa, hata ukitoa kidogo. Toa za kutosha ukiwa Hat Yai, mji wa bara utakaopitia njiani.
- Viatu vya maji vyenye soli ngumu na vinavyobana kisigino. Ndala (au malapa, kwa walio Kenya) hazifai, na sababu iko hatua ya 7.
- Miwani ya kuzamia na mrija wake. Vya kukodi vipo, ila mpira wa usoni mara nyingi umechoka na unavujisha maji.
- Mfuko usiopitisha maji, wa lita 10 hivi.
- Maji ya kunywa lita 1.5 kwa kila mtu, kwenye chupa ya kurudi nayo. Vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja na vya povu haviruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa.
- Kanga au kikoi. Utakalia, utajifunika jua, utajifutia, na kitakauka kabla hujafika Lipe.
- Mafuta ya kujikinga na jua, lakini soma lebo kwanza. Yenye oxybenzone, octinoxate, 4-methylbenzylidene camphor au butylparaben yamepigwa marufuku katika hifadhi za bahari za Thailand tangu Agosti 2021 kwa sababu yanadhuru matumbawe, na faini yake inafika baht 100,000. Shati la mikono mirefu ni rahisi kuliko mafuta yote hayo.
- Kiunganishi cha plagi. Plagi ya pini tatu za mraba haiingii kwenye soketi za huko.

Sigara za umeme acha nyumbani. Thailand ni marufuku kuziingiza.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi kwa upepo, usichague kwa likizo. Aliyekulia pwani yetu ana faida hapa, kwa sababu pepo ni zilezile. Wakati wa kaskazi, yaani Novemba hadi Aprili, upande huu wa Andaman unakingwa na bara, maji yanatulia na kuona chini ni rahisi. Kusi ikishaingia, Mei hadi Oktoba, mawimbi yanatoka bahari kuu moja kwa moja na mvua ni nyingi. Visiwa vya upande wa Adang na Rawi kwa kawaida hufungwa na hifadhi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Boti za kwenda Lipe huendelea, ila chache, na ndipo watu wanapodanganyika: wanaona hoteli ya Lipe imeshuka bei mwezi wa Agosti, wanalipa, wanafika, halafu hawapati mashua ya kuwapeleka popote. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya uhakika.

2. Uwanja wa ndege wa Bangkok: anzia dawati la afya. Ukitoka nchi zilizotajwa juu, pita kwenye dawati la udhibiti wa afya na cheti chako cha homa ya manjano kabla hujapanga foleni ya uhamiaji. Ukiruka hatua hii utasimama foleni saa nzima, ufike mbele, urudishwe nyuma. Halafu kumbuka Bangkok ina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang. Ndege nyingi za kutoka kwetu hutua Suvarnabhumi, wakati nyingi za bei nafuu kwenda kusini huondokea Don Mueang. Acha saa 5 kati ya kutua na kuruka tena kama unabadilisha uwanja.

3. Fika bandari ndogo ya Pak Bara. Ruka hadi Hat Yai, safari ya saa moja na nusu hivi, kisha panda gari dogo la abiria hadi Pak Bara, kama saa mbili barabarani. Boti ya mwisho huondoka alasiri, kwa hiyo ukitua Hat Yai baada ya saa sita mchana panga kulala huko. Ukilazimisha utalala Pak Bara, ambako hakuna cha kufanya. Hat Yai iko mkoa wa Songkhla. Soma bima yako, maana baadhi ya kampuni huweka masharti kwa mikoa ya kusini kabisa.

Njia ya pili ni kutokea Langkawi, Malaysia, kwa boti ya msimu inayofika Lipe moja kwa moja. Ni njia nzuri. Kosa la kawaida ni hili: mtu ana viza ya Thailand ya kuingia mara moja, anatoka kwenda Langkawi siku mbili, anarudi anakuta viza imekufa. Ukishagongewa muhuri wa kutoka, viza hiyo imekwisha, hata kama siku zimebaki.

4. Vuka kwenda Lipe. Boti ya kasi huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kaa nyuma, mbele inarukaruka na mgongo utakulaumu. Hifadhi hutoza wageni baht 200 mtu mzima na baht 100 mtoto, na Lipe yenyewe ina mchango wa baht 20. Ipige picha tiketi ya hifadhi mara tu ukipewa, maana karatasi ile hulowa, na askari wa hifadhi anaweza kuitaka tena ukiwa kwenye kisiwa kingine.

Satun ni mkoa wenye Waislamu wengi, kwa hiyo chakula cha halali hakikusumbui. Utakuta na roti zinazokaangwa njiani ambazo mla chapati atazitambua kwa harufu.

5. Kodi mashua jioni ya kuamkia safari. Hapa ndipo utulivu unaponunuliwa, na ndipo wengi wanapoupoteza. Vibanda vya njia kuu ya Lipe huuza safari ya pamoja iitwayo Programu ya 1: Jabang, Hin Ngam, Yang, Rawi na Adang kwa siku moja, pamoja na chakula cha mchana. Bei kwa kawaida huwa kati ya baht 500 na 800 kwa mtu. Tatizo ni kwamba vibanda vyote vinauza programu hiyohiyo, mashua zote huondoka kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na zote hufika Hin Ngam kwa kufuatana. Utapewa dakika 20 hadi 30 ufukweni pamoja na watu 60.

Unachotaka wewe ni mashua ya peke yako, ile ya mbao yenye injini iliyofungwa kwenye mti mrefu unaotokea nyuma, inayoitwa ruea hang yao. Ongea na nahodha mwenyewe ufukweni, alasiri anaporudi. Mashua nzima kwa nusu siku huanzia kama baht 1,500 na kupanda kufuatana na msimu, na mkiwa wanne inakaribiana na bei ya kibanda. Manahodha wengi ni Urak Lawoi, watu wa bahari waliokuwa visiwa hivi kabla ya utalii. Wanaijua mikondo kuliko programu yoyote ya simu. Msalimie, "sawatdi khrap" ukiwa mwanamume, "sawatdi kha" ukiwa mwanamke, ndipo uulize bei.

Kubalianeni mambo manne: saa ya kuondoka, saa mtakayokaa Hin Ngam, visiwa vingine mtakavyopitia, na kama maboya ya kuvaa yapo ya kutosha. Saa iandike kwa tarakimu: 07:00. Ukisema "saa moja" kichwani mwako ukamwambia "one", utasubiri hadi adhuhuri. Kwa kuchekesha kidogo, saa za usiku za Kithai cha kawaida zinakwenda kama zetu, saa mbili usiku wao wanaiita song thum, yaani mbili. Za asubuhi ndizo zinazovuruga. Usilipe zote mbele. Nusu jioni, nusu mkirudi.

6. Soma maji. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, mkondo kati ya visiwa hivi unavuta kwa nguvu. Siku za maji mafu, katikati ya hizo, ndizo bora kwa asiyezoea kuogelea baharini. Pale Hin Ngam maji yakijaa sana ukanda wa mawe unabaki mwembamba na mteremko ni mkali. Yakipwa sana, mawe ya chini yanatoka na utelezi wa mwani, na mashua inalazimika kusimama mbali ili isikwangue matumbawe. Maji ya katikati ndiyo yanayofaa. Nahodha akisema twende 06:30 badala ya 07:00, mkubalie bila kubishana.

7. Shuka vizuri. Safari kutoka Lipe ni dakika 20 hadi 30. Nahodha ataelekeza omo, yaani mbele ya mashua, kwenye mawe. Subiri wimbi lirudi, kisha shuka kwa mbele, mmoja mmoja, mikono ikiwa mitupu. Kamwe usishukie ubavuni karibu na nyuma, kwa sababu mti wa injini ni mrefu na panga lake liko mbali na mashua kuliko unavyodhani.

Sasa suala la ndala. Mawe haya hayashikani. Ukikanyaga, lililo chini linabingirika na la pembeni linajaa mahali pake. Ndala inabaki chini ya jiwe, mguu unaendelea, na kifundo kinateguka. Weka wayo wote kwa pamoja, hatua fupi, na panda juu kwenye mawe makubwa makavu ndipo uanze kutembea. Ukingoni mwa maji ndipo penye vijiwe vidogo vinavyoserereka zaidi. Pia mteremko ni wa ghafla: hatua mbili maji ya magoti, ya nne kifuani. Mtoto ashikwe mkono muda wote.

8. Kaa, na uyaache mawe yalipo. Saa moja inatosha. Nenda upande usio na mashua, tandika kanga, usizungumze kwa dakika tano. Wimbi likirudi baharini linayavuta mawe, na mlio wake ni ule wa kete za bao zinapokusanywa kwa kiganja, ila zikiwa maelfu. Umati ukishafika mlio huo hausikiki tena.

Chukua jiwe moja, lichovye. Michirizi inajitokeza, weusi unang'aa kama umepakwa mafuta. Liweke juani ulitazame: kwenye joto la asubuhi dakika chache tu, na limekuwa jiwe la kijivu lisilo na maana. Sababu ni kwamba maji hujaza vikwaruzo vidogo vya juu vinavyotawanya mwanga, na yakikauka vikwaruzo vinarudi. Kwa hiyo unayechukua jiwe kwenda nalo nyumbani, unachukua la kijivu. Ung'avu ni wa bahari.

Pale ufukweni kuna bango lenye maneno ya laana ya Chao Pho Tarutao, mzimu mlinzi wa visiwa hivi, kwa yeyote atakayeondoka na jiwe. Hifadhi imekuwa ikirudishiwa mawe kwa posta na watu walioona mambo yao yanakwenda kombo. Uamini au usiamini, kutoa kitu chochote kwenye hifadhi ya taifa ni kosa kisheria, na begi linaweza kukaguliwa.

Utaona pia minara midogo ya mawe. Husimuliwa kwamba ukipanga 12 bila kuanguka, ombi lako litajibiwa. Wapo waongozaji watakaokuhimiza. Ushauri wetu ni usipange: minara huanguka kwenye miguu ya watu, na viumbe wadogo wanaoishi kwenye unyevu chini ya mawe hufunuliwa juani.

9. Kama unaogelea. Vaa boya hata kama unajua kuogelea. Anza kwa kwenda kinyume na mkondo, ili ukichoka ukurudishe ulikotoka. Usisimame juu ya matumbawe, usiwalishe samaki mkate, ni marufuku. Mkipitia Jabang, penye matumbawe laini ya rangi, shika kamba iliyofungwa majini usiiachie, mkondo pale ni wa kasi hata siku tulivu.

10. Ondoka kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mashua za programu zinaanza kuingia, na mawe meusi yanameza joto kiasi cha kuunguza unyayo. Kung'uta viatu na mifuko ya watoto. Mtoto wa miaka sita hajui laana wala sheria, na mfuko wake huwa na mawe matatu kila mara.

Mambo yakikwama

*Nahodha amekataa kutoka asubuhi.* Ana sababu, kwa kawaida upepo au maji. Usitafute mwingine wa bei ya chini atakayekubali. Nenda Adang, kama dakika 10 tu kwa mashua, upande kijia cha kwenda jabali la Chado, ujaribu Hin Ngam kesho. Ndiyo maana Lipe hupangiwa usiku usiopungua mitatu.

*Umefika ukakuta umati.* Subiri ndani ya mashua au ogelea kidogo. Makundi hukaa nusu saa hivi, na kati ya kundi na kundi hupatikana nafasi.

*Kifundo kimeteguka.* Funga kanga kwa kubana kiasi, mguu juu, maji baridi, rudi Lipe penye zahanati. Kikiwa kimevimba na huwezi kukanyaga, kinahitaji picha ya eksirei, na hiyo ni safari ya bara.

*Umechomwa na yavuyavu.* Toka majini. Mwagia siki kwa sekunde 30 au zaidi, usisugue, usitumie maji baridi ya bombani. Uliza kabla ya kuondoka kama mashua ina chupa ya siki; haigharimu kitu kuibeba mwenyewe. Kifua kikibana au pumzi ikiwa ngumu, piga 1669, namba ya dharura ya matibabu.

*Umekanyaga kiumbe wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi.* Usichimbe kwa sindano ufukweni. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi, miiba inayoonekana itoe kwa kibano, iliyozama mwachie mhudumu wa afya.

*Mmegombana kuhusu bei.* Ndiyo faida ya kuandika makubaliano na kubakiza nusu ya malipo. Ikishindikana, polisi wa utalii ni 1155.

*Umefika Pak Bara ukakuta jiwe kwenye begi.* Lipeleke ofisi ya hifadhi hapo hapo bandarini, useme limetoka Hin Ngam. Usilitupe baharini Pak Bara.